Mwendo, Ufunguo na Hali ya Moyo katika Rekodi Mbili za Opera ya Eugene Onegin

Uhakiki mwingi wa muziki wa Kirusi huanzia na kuishia katika neno moja: huzuni. Neno hilo si la uongo, ila ni pana mno kiasi cha kutomfafanulia msomaji chochote. Opera ya Pyotr Tchaikovsky, Eugene Onegin, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza mjini Moscow mwaka 1879 na wanafunzi wa muziki, inadai usikivu wa karibu zaidi. Huzuni yake hubadilika sura kwa kutegemea mambo mawili yanayoweza kupimwa, yaani ufunguo na mwendo. Rekodi mbili za Bolshoi zinafaa kwa uchunguzi huo: ile ya 1955–1956 iliyoongozwa na Boris Khaikin, na ile ya 1970 iliyoongozwa na Mstislav Rostropovich. Katika zote mbili mhusika Tatyana anaimbwa na soprano yuleyule, Galina Vishnevskaya, ambaye kwanza alikuwa na umri unaokaribia miaka 30, na baadaye akiwa amekwisha kuvuka 40.

Ufunguo ni kazi ya mtunzi, nao haubadiliki kati ya rekodi hizi. Lensky anapomtamkia Olga mapenzi yake, muziki umo katika E meja. Anapoingoja asubuhi ya pambano la bastola litakalomuua, aria yake imo katika E maina. Noti ya msingi ni ileile, bali nuru imeondoka. Opera nzima nayo inafungwa katika E maina, Onegin akibaki peke yake na aibu yake, kana kwamba marehemu anadai haki yake hadi pazia linaposhuka. Hata hivyo, kanuni ya kwamba maina ni majonzi na meja ni furaha haifiki mbali. Aria ya Mwanamfalme Gremin imo katika G-flati meja na inasifu ndoa yenye heri; anayeumizwa nayo ni Onegin, anayeisikiliza akiwa amesimama kando. Muda mfupi baadaye Onegin anaichukua sauti ambayo Tatyana aliianzia usiku wa barua katika D-flati meja, akaiimba katika B-flati meja. Mapenzi aliyoyakataa yanamrudia kwa sauti ya mwenziwe, na kwa meja.

Kinachobadilika kati ya viongozi hao wawili ni mwendo, na hapo ndipo hukumu inapolazimika kutolewa. Rostropovich huvuta. Katika tukio la barua anauacha kila mstari upumue hadi ukaribie kusimama, na Tatyana anakuwa mwanamke anayekumbuka jinsi alivyopenda. Kuna uzuri mkubwa humo, hasa katika sauti za okestra. Lakini barua haiandikwi na mtu anayekumbuka. Inaandikwa na msichana asiyeweza kulala. Khaikin anauendesha muziki kwa wepesi, na ule ushukaji wa ngazi kwa ngazi wa sauti, ambao Tatyana na Lensky wanashirikiana, unasikika kama pumzi inayokatika badala ya kilio kilichopambwa. Tchaikovsky hakuiita kazi hii opera, bali matukio ya kiliriki, naye alitaka waimbaji vijana. Sergei Lemeshev, anayeimba nafasi ya Lensky chini ya Khaikin, alikuwa amevuka miaka 50, ilhali Lensky wa Pushkin hajatimiza hata 18. Msikilizaji hausikii umri huo, kwa sababu mwendo haumpi mwimbaji nafasi ya kujihurumia. Alama iliyoandikwa juu ya aria hiyo inaagiza mwendo wa kutembea unaokaribia utaratibu; neno kukaribia ndilo ambalo viongozi wengi hulisahau.

Ulinganishi wa namna hii unasimama juu ya sharti ambalo watafiti hulipita haraka. Katika santuri, mwendo na ufunguo vimefungwa pamoja. Santuri iliyokatwa kwa mizunguko 78 kwa dakika, ikichezwa kwa takriban 82.6, hupanda nusutoni moja: E maina inageuka F maina, aria ya dakika 6 inapungua kwa sekunde 20 hivi, na tenori anapata ujana ambao hakuwa nao. Santuri za mwanzo wa karne ya 20, zikiwemo za Leonid Sobinov, Lensky mashuhuri wa zama zake, hazikukatwa zote kwa kasi moja. Tena upande mmoja ulichukua dakika 3 au 4 tu, hivyo haraka inayosikika humo huenda ikawa ya nafasi iliyokuwepo na si ya moyo wa mwimbaji.

Hapa jambo hili linagusa moja kwa moja hifadhi za sauti za Afrika Mashariki. Siti binti Saad alirekodiwa Bombay mwaka 1928 katika santuri za aina hiyohiyo. Anayeihamishia santuri ya Sobinov kwenye kompyuta anaweza kujisahihisha kwa kufungua nota zilizochapishwa na kuona kwamba aria imo katika E maina. Anayeihamisha santuri ya Siti hana nota za kumsuta, na udi hufungwa kwa kufuata sauti ya mwimbaji. Kasi anayoichagua fundi ndiyo inayoamua kama Siti atasikika mzito au mwepesi, mtulivu au mwenye jazba, na wahakiki wa taarabu watajenga hoja juu ya uamuzi huo bila kujua kwamba ulifanywa. Miongozo ya kuhamisha sauti, basi, haina budi kumtaka fundi aandike kasi aliyoitumia na sababu yake, na santuri yenyewe itunzwe hata baada ya nakala kupatikana, ili atakayekuja aweze kuicheza upya.