Ubao wa Matangazo Darasani na Mazoea ya Kusoma

Ubao wa matangazo katika darasa husomwa kila siku, lakini ni nadra kuhesabiwa miongoni mwa maandishi. Kitabu kikitoka hupimwa lugha yake, mpango wake na nia yake, gazeti hukosolewa, hata barua ya ofisi huweza kulaumiwa kwa urefu wake. Ubao haupimwi. Hutundikwa, hupambwa, kisha huachwa mpaka jua lififishe rangi zake. Kasoro hii yafaa itazamwe, maana ubao husifiwa kuwa chombo cha kuwavuta wanafunzi wa madarasa ya kati wapende kusoma, na chombo kilichopewa kazi hustahili kuulizwa kama kazi yenyewe imefanyika.

Madarasa hayo ni kivuko. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 shule ya kati ilikuwa darasa la 5 hadi la 8. Katika mpango wa elimu wa Kenya uliotolewa mwaka 2017, ngazi ya kati ni gredi ya 4 hadi ya 9. Hesabu zimebadilika, hali ya mtoto ni ile ile: amekwisha kujua kusoma, bado hajazoea kusoma. Tanzania ina haja kubwa zaidi, kwa kuwa shule nyingi za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari hufundisha kwa Kiingereza. Mtoto asiyepata kupenda kitabu cha Kiswahili kabla ya kuvuka, huenda asikutane nacho tena ila katika kipindi cha somo la lugha.

Mbao zilizozoeleka ni za namna tatu. Ya kwanza ni ubao wa mapambo: karatasi za manila, herufi zilizokatwa kwa mkasi, na maneno ya kusifu vitabu. Kusema kwamba kusoma ni hazina ni kusema kweli, lakini kweli hiyo imekwisha kukamilika; msomaji hana la kuitendea ila kukubali na kupita. Ya pili ni ubao wa amri, unaoorodhesha yaliyoagizwa na yaliyokatazwa. Lugha yake ni fupi na safi, lakini mtoto anayekutana na maandishi kwa sura ya makatazo tu hujifunza kwamba maandishi ni sauti ya mkubwa. Ya tatu ni ubao wa mashindano, wenye majina ya wanafunzi na hesabu ya vitabu walivyosoma. Huu una nguvu, wala haifai kuudharau. Hata hivyo huhesabu majalada tu, na aliye mkiani huona haya mbele ya wenzake kila asubuhi. Hivyo anayehitaji kitabu kuliko wote ndiye anayefukuzwa na ubao.

Upungufu wa mbao zote tatu ni mmoja: hazitaki jibu. Fasihi ya Kiswahili yenyewe ina mfano bora. Kitendawili hakitegwi na mtu mmoja. Mtegaji hutangaza, wasikilizaji huitikia "Tega", na wakishindwa hutoa mji ndipo wapewe jibu. Malenga nao hujibizana beti kwa beti. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza Tanganyika mwaka 1923, liliwapa wasomaji nafasi ya barua na mashairi yao, na Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa waliochapisha mashairi humo. Msomaji aliyejua kwamba neno lake laweza kutokea katika toleo lijalo, alikuwa na sababu ya kulisoma toleo lililopo.

Mfano mmoja watosha kuonyesha jinsi ubao uwezavyo kufuata njia hiyo. Kitabu cha Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, kikisifiwa ukutani kwa herufi kubwa, sifa hizo hazitamwinua mtoto kitini. Lakini likiandikwa swali moja tu, kwa nini mtu mwema awachape manyani wawili kila usiku, kitendawili kimetegwa. Chini ya swali iachwe nafasi tupu ya majibu; kitabu kiwekwe karibu; na jibu lisibandikwe kabla ya juma kwisha. Asiyetaka kutoa mji hana budi kusoma.

Huenda ikasemwa kwamba nafasi hiyo itajaza ukuta makosa ya tahajia na sarufi. Hoja hii ni nzito, maana kosa lililotundikwa husomwa na wengi kuliko kosa lililo ndani ya daftari. Lakini dawa yake si kuurudisha ubao mikononi mwa mwalimu peke yake. Wanafunzi wawili watatu wapewe kwa zamu kazi ya uhariri, wayapitie majibu pamoja na walioyaandika kabla ya kuyabandika, na mwalimu awe mwamuzi wa mwisho. Hapo sarufi huwa haja ya mwandishi, wala si adhabu.

Hoja iliyo nzito kuliko hiyo ni uhaba wa vitabu. Nakala moja yaweza kusomwa kwa zamu, na ubao ukaonyesha zamu hizo. Lakini ubao hauwezi kushika mahali pa kitabu. Ukuta uliopambwa mbele ya rafu tupu ni tangazo la duka lisilo na bidhaa. Kwa hiyo anayetaka kuupima ubao asianze na rangi zake. Aulize kwanza ni kitabu gani kilichotoka rafuni kwa sababu yake, na ni mtoto gani aliyeandika jibu.