Makondere, Waturuki na besi ya fanki

Mpelelezi Mwingereza Speke alipokuwa katika ufalme wa Karagwe, mwishoni mwa 1861, Omukama (mfalme) Rumanyika alimtolea bendi ya watu 16: 14 wakipuliza baragumu, 2 wakipiga ngoma za mkono. Baragumu zilikuwa vipande vya vibuyu vilivyochomekwa kimoja ndani ya kingine na kuvikwa ngozi ya ng'ombe. Mgeni akaandika kwamba nyimbo zao zilifanana kabisa na za bendi za jeshi la Waturuki.

Alikuwa akitafuta mfano tu. Ila tarumbeta za Balkani nazo zina deni kwa bendi hizohizo za Waturuki, na ukizichambua unakuta mbinu inayokaribiana sana na ya makondere, yaani baragumu zile za vibuyu.

Kondere moja lina sauti moja, na urefu wa kibuyu ndio unaoiamua. Tundu la kupulizia liko ubavuni, na midomo ndiyo inayotetemeka, sawa na kwenye ala za shaba. Mpulizaji hawezi kupiga wimbo peke yake: anasubiri zamu yake, anatia sauti yake, ananyamaza. Wimbo unazaliwa katikati yao.

Sasa msikilize Boban Marković wa Serbia, au Fanfare Ciocărlia ya Romania. Tarumbeta za mbele zinakimbia na wimbo, wakati mwingine kwenye mapigo 9 yaliyokatwa 2, 2, 2 na 3. Honi za kati haziimbi; zinadonoa baina ya mapigo, kazi ileile ya gitaa la rizimu kwenye dansi. Ukitaka kuuchanganya muziki huu na fanki, hapo ndipo pa kuingilia. Tuba inaacha kutembea kijeshi, inashika mstari wa besi na kukaza pigo la kwanza, honi za kati zinabaki palepale. Jazi inapata nafasi juu, kwa mpiga solo. Mimi nasema tuba ndiyo iliyofanya kazi kubwa, ingawa sifa huchukuliwa na tarumbeta.

Kwetu Buhaya shaba zina historia nyingine: wamisionari wa Betheli, kutoka Ujerumani, walifika 1910. Betheli hiyo ya Bielefeld ndiko alikofanya kazi Johannes Kuhlo, aliyeeneza vikundi vya tarumbeta katika makanisa ya Ujerumani. Mtindo wake wa upigaji ni wa tenzi: sauti nne zinahama pamoja, silabi kwa silabi. Inapendeza ibadani, lakini ndiyo inayomfunga mtu anayetaka fanki. Kubadilisha ngoma peke yake hakusaidii, maana shaba bado zinatembea kwa safu.

Kikundi cha harusi cha Kagoma au Bukoba mjini kikitaka kujaribu, kivunje kwanza ile safu. Tarumbeta tano zigawane wimbo, kila moja na sauti yake. Trombone zidonoe katikati. Tuba iachiwe besi. Kisha kimnyamazishe mpulizaji mmoja wa mbele. Wimbo ukiendelea bila pengo, kuna mwenzake anayempigia sehemu yake, na mpangilio urudiwe.