Mkono Chini ya Kidari

Kuku mgonjwa hakimbizwi. Jirani yangu wa Kibokoni aliona tangu asubuhi kwamba koo wake mwekundu amejitenga kwenye pembe ya ua, mbawa zimelegea na macho nusu yamefumbwa. Hakumgusa. Aliiacha adhuhuri ipite, na alasiri, na magharibi. Baada ya sala ya isha, kuku wote walipokwisha kutulia kwenye fito, alifungua kizimba, akapitisha mikono miwili chini ya mbawa na kumtoa bila kuwashtua wenzake. Gizani kuku haoni, na asipoona hafurukuti. Kumfukuza mchana, kuzunguka mtungi na kamba za kuanikia nguo, kungemmalizia nguvu kidogo alizobakisha.

Alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, ulimi wake umekunjwa, akatandika leso kuukuu mapajani. Mimi nilishika tochi.

“Usimmulike machoni,” aliniambia. “Nimulikie mikono.”

Mikono ile ndiyo niliyoitazama usiku ule wote. Ilianza juu ikashuka, na haikuruka mahali. Kwanza upanga: umefifia, lakini haukuwa na weusi wa kuku anayekosa pumzi. Pua: kavu, bila kamasi. Alifungua mdomo kwa kidole gumba na cha shahada, akatazama ulimi na koo, akitafuta utando mweupe ambao ndui ya kuku huweza kuuacha humo ndani. Hakuuona. Akaunusa mdomo. Kisha akashukia kile kifuko cha chakula kilicho chini ya shingo, akakishika kama mtu anayepima uivu wa embe. Usiku kifuko hicho hutakiwa kijae nafaka, na alfajiri kiwe kimemwaga chote tumboni. Kingekuwa kigumu kama donge la unga, chakula kimekwama. Kingekuwa kimevimba maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimechacha. Hiki kilikuwa kitupu, teketeke.

Halafu kidari. Alipitisha kidole kwenye mfupa wa katikati na kukirudisha polepole, mara ya pili na ya tatu. Mfupa ulikuwa umechomoza kama mkuku wa mashua.

“Huyu hakuanza leo,” alisema.

Nilimwelewa baadaye. Nyama ya kidari haiishi kwa siku moja. Ndege huficha maradhi mpaka yamlemee, kwa kuwa anayeonyesha unyonge hudonolewa na wenzake, na siku tunayoiita ya kwanza ya ugonjwa huenda ni ya sita au ya saba. Jicho lilikuwa limechelewa. Kidole ndicho kilichozihesabu siku zilizopita.

Alipapasa tumbo kutafuta yai lililokwama, hakulipata. Alipambua manyoya chini ya mbawa na kuzunguka kinyeo, akaona utitiri kidogo, lakini si wa kumwangusha kuku mzima. Akageuza nyayo, akatazama kati ya vidole. Nusu saa ilipita. Mwishowe alimfunika kuku kwa leso, akanyamaza. Nilitegemea jina la ugonjwa, wala hakulitaja.

Jirani wa upande wa pili aliyechungulia juu ya ukuta alikuwa na ushauri wake: “Wahini kisu, asije akafa kibudu.” Ndivyo wengi wafanyavyo, na si kwa ukatili, bali ili nyama isipotee. Jirani yangu alitikisa kichwa. “Kuku nisiyemjua maradhi yake simtii chunguni.”

Wasiwasi mkubwa wa kila mfugaji wa hapa ni kideri. Ugonjwa huo ulizuka mwaka 1926 huko Java, Indonesia, na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ambao umeupa jina la kitaalamu. Kenya uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1935, hapa Mombasa. Ukiingia kizimbani huweza kukifagia chote kwa siku chache: kuhara kijani, kuhema kwa shida, shingo kupinda. Hauna dawa, una chanjo tu, na ile inayotiwa jichoni, tone moja kwa kila kuku, hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Jirani yangu huwachanja wake. Hata hivyo hakusema “si kideri”. Alisema shingo imenyooka na wenzake wamekula, basi tutazame kesho.

Yule koo alihamishiwa kwenye tenga ndani ya stoo, mbali na upepo wa kusi, chini pametandazwa gazeti ili kinyesi kionekane rangi. Alichemsha maji akayapooza, na kwa lita moja akatia vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kama afanyiwavyo mtoto anayehara. Hakummiminia kooni. Nyuma ya ulimi wa kuku ndipo penye tundu la pumzi, na maji yakiingia hapo humuua kabla ya maradhi. Alichovya ncha ya kidole, akaliacha tone likae ubavuni mwa mdomo, akangoja kuku alimeze mwenyewe. Tone, kumeza, kungoja. Kikombe cha kahawa kilichukua karibu saa nzima kuisha.

Siku tatu alirudia hivyo, mara tano kwa siku. Daima alianza na kuku wazima, akamalizia na mgonjwa, kisha akanawa kwa sabuni na kubadilisha viatu mlangoni. Kila alfajiri alilikunja gazeti, akalitazama kwenye mwanga, akatandika jipya. Siku ya pili alikuta kijani kibichi, akasimama hapo muda mrefu. Kuku asiyekula pia hutoa rangi hiyo, ila kideri nacho huitoa. Siku ya nne palikuwa na kahawia na weupe juu yake. Mchana ule koo alidonoa punje za mchele kiganjani, saba, nilizihesabu. Jioni yakaja makoko ya wali yaliyolowekwa, na nusu ya kiini cha yai.

Mimi ningemrudisha siku ile ile. Yeye alihesabu siku 14, na kila usiku alitia mkono chini ya kidari.

Usiku wa 15 nilishika tena tochi. Alimbeba ndani ya leso ile ile, akafungua kizimba bila kukoroma kwa bawaba, kwa maana alikuwa amezipaka mafuta mchana. Akamweka juu ya fito, katikati ya kuku wawili waliolala, ili kukipambazuka wamkute yupo. Miguu ya koo ilipapasa mti, ikaukamata. Mikono ilibaki pale kidogo, haijamwachia bado.

“Zima,” alininong’oneza, nami nikaizima.