Volyumu Nzuri Hujulikana Katikati

Mafundi redio wengi huchagua volyumu kwa namba iliyochapwa mgongoni. Iliyokufa ilikuwa ya kilo-omu 100, basi inatiwa nyingine ya kilo-omu 100. Siku ya pili mwenye amplifaya anarudi: akiigusa kidogo sauti inalipuka, akiendelea kuzungusha haiongezeki. Namba ni ileile; mwendo wa ukinzani ndani yake ndio tofauti.

Sikio husikia kwa uwiano. Volti zikipungua hadi robo, sauti imeshuka desibeli 12 tu. Kwa hiyo kwenye volyumu ya mwendo sawia, robo tatu nzima za mzunguko hugawana desibeli hizo 12, na udhibiti wote uliobaki hubanwa kwenye robo ya kwanza. Ndiyo maana sauti hutaka mwendo wa logi, unaopanda polepole mwanzoni.

Herufi isikudanganye. Kwenye vipuri vya Japani na China, A ni logi na B ni sawia. Vya zamani vya Ulaya mara nyingi ni kinyume chake. Pima. Zungusha hadi nusu, kisha weka mita kati ya mguu wa katikati na ule wa eathi. Kwa ya kilo-omu 100, ukisoma kilo-omu 50, ni sawia. Ukisoma 15 hivi, ni logi. Halafu zungusha polepole ukitazama mita ya mshale: mshale upande bila kurukaruka hata mara moja.

Ya stirio ipime chini kabisa, pale tunaposikilizia usiku watoto wakiwa wamelala. Gawanya kipimo cha kila upande kwa ukinzani wake wote. Pande zikipishana kwa robo, hiyo ni kama desibeli 2, na muziki utaegemea spika moja. Mimi hiyo siinunui, hata iwe inang'aa vipi.

Volyumu mpya ikikwaruza tangu siku ya kwanza, kagua kwanza kapasita iliyo kabla yake. Huenda inavujisha umeme wa moja kwa moja.

Ukikosa logi, chukua sawia ya kilo-omu 100, ulehemu rizista ya kilo-omu 10 kati ya mguu wa katikati na eathi. Katikati utapata asilimia 14 ya volti, karibu sana na logi. Lakini ukifungua yote, ukinzani wa mzigo unashuka hadi kilo-omu 9. Simu inayoleta muziki inaubeba bila shida. Redio za zamani za vali haziuwezi. Kwa hizo, tafuta logi yenyewe.