Karatasi ya Proshka

Tumezoea kutafuta katika vitabu vya Aleksandr Solzhenitsyn habari za kambi na za utawala wa Stalin, na basi. Hata kitabu chake juu ya hospitali ya kansere, kilichotokea Ulaya mwaka wa 1968 na kukatazwa kwao Urusi kwa miaka zaidi ya ishirini, wengi wanakisoma hivi: hospitali ni mfano wa inchi yenye ugonjwa. Sikatai. Lakini mtunzi mwenyewe alitibiwa kansere kule Tashkent mwaka wa 1954, akapona. Na kitu anachokijua kupita siasa ni kitanda cha mgonjwa. Swali lake ni jepesi kutamka: ni nani mwenye kukata shauri juu ya mwili wa mgonjwa?

Mama Dontsova, mganga mkuu wa miali ya radio, ni mtu mwema, na hilo ndilo linalokipa kitabu nguvu. Anajichosha kwa ajili ya wagonjwa wake, lakini hawaambii kitu. Kostoglotov, mtu aliyetoka kambini akatupwa uhamishoni, amekwisha kupata nafuu. Anataka kurudi kwake na uzima huo mdogo alioupata; mganga hataki kumwachilia. Tena anaamuru apigwe sindano za homoni, bila kumweleza kwamba zitamwondolea nguvu za kiume. Habari hiyo Kostoglotov anaipata kwa Zoya, msichana mwuguzi. Mganga hakuiba, hakumtukana mtu. Amemkatia mwenzake shauri la ndoa na la uzazi, kama mama anavyomchagulia mtoto nguo.

Papa Pius XII aliwaambia waganga, mwezi wa Novemba 1957, kwamba mganga hana haki ya peke yake juu ya mgonjwa. Atende kadiri mgonjwa alivyomruhusu, kwa maneno wazi au kwa namna nyingine. Wanafunzi wetu wanalijua fundisho hilo kwa mtihani. Wasome sura ya kutiwa damu, wataliona likitembea kwa miguu. Kostoglotov hana imani na chupa ya damu. Gangart, mganga wa kike aliye chini ya Dontsova, hamlazimishi. Anamwonyesha chupa, anayajibu maswali yake, anakaa naye. Mtu yule mkali ananyosha mkono. Katika kitabu kizima sioni kurasa zilizo nzuri kupita hizo.

Kasoro ipo. Mtunzi anampenda mno Kostoglotov, akampa karibu kila neno zuri katika mabishano. Dontsova anajua kwamba uvimbe ulioachwa nusu hurudi. Sababu hiyo ilistahili kutetewa kwa nguvu zaidi. Kusoma kitabu kimoja cha uganga, na kuficha mzizi wenye sumu kama dawa, hakumfanyi mgonjwa kuwa mganga. Kukata shauri pamoja ni kuleta kila mmoja anachokijua: mganga ugonjwa, mgonjwa maisha yake.

Baadaye Dontsova mwenyewe anashikwa na ugonjwa, naye anaomba wenzake waamue yote bila kumwambia. Wengine wanaona hapo adhabu tu. Mimi naona zaidi: kutotaka kujua nako ni kuchagua, na yeye alichagua. Kijana Proshka hakuulizwa. Anatolewa hospitalini akifurahi kwamba amepona, mkononi ana karatasi yenye maneno machache ya Kilatini: uvimbe uko moyoni, hauwezi kupasuliwa. Anampa Kostoglotov amsomee. Na Kostoglotov, aliyewagombeza waganga wote kwa kumficha ukweli, anauficha vilevile. Hapo mtunzi hakumpendelea mtu wake, nami namshukuru.

Sura hiyo ilinichoma kwa sababu nyingine. Kwetu karatasi huandikwa kwa Kifaransa, na mara nyingi ndugu huambiwa kabla ya mgonjwa. Siku moja mama mmoja wa parokia aliniletea yake. Kaka zake walisimama nyuma yake mlangoni, wakinitikisia kichwa. Nilisoma, nikaelewa, nikasema mwandiko wa waganga haueleweki. Akaikunja, akaifunga katika pembe ya kitenge, akaniuliza kama apande maharagwe msimu ule. Nikamwambia, panda, mama. Kaka zake walinishukuru sana. Sikulala vizuri.

Sisemi kwamba ningemtupia neno lile mbele ya watu wote pale mlangoni. Ningeweza kuwaomba kaka watoke kidogo, nikamwuliza anataka kujua nini. Sikumwuliza.

Kitabu kinapatikana kwa Kifaransa, jina lake Le Pavillon des cancéreux. Ni kinene, na sura za Rusanov, yule mkubwa wa chama, zinachosha mahali pengine. Asiye na nafasi aanze na ya damu.