Hewa na Upepo: Maoni Juu ya Istilahi za Ufundi wa Injini za Dizeli

Imetufikia orodha ya istilahi za ufundi wa magari, kurasa kumi na mbili zilizopigwa chapa, iliyotungwa na mwalimu mmoja wa ufundi kwa ajili ya vijana wanaojifunza kazi katika gereji za Nachingwea na Ruangwa. Nia yake ni njema, na sehemu kubwa ya kazi yenyewe yastahili sifa. Hata hivyo limo jambo moja ambalo twaonelea lapasa kujadiliwa hadharani, kwa kuwa kosa hilo si la mwalimu huyo peke yake. Sote tunaoshughulika na usanifishaji wa maneno tumelifanya mara nyingi. Kila alipolikuta neno "upepo" katika usemi wa mafundi, mwalimu amelifuta akaweka "hewa".

Sababu yake ameieleza katika utangulizi. Upepo, asema, ni hewa iendayo, ivumayo. Ndani ya mpira wa kupitishia dizeli hakuna kinachovuma. Kwa mujibu wa kamusi ana haki. Kwa mujibu wa injini hana.

Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858 na ambaye injini yake ilifanya kazi kwa mafanikio huko Augsburg mwaka 1897, aliijenga juu ya kanuni kwamba hewa ikishindiliwa upesi na kwa nguvu huwa moto. Pistoni huishindilia hewa mpaka ikabakiwa na nafasi kiasi cha sehemu moja tu katika ishirini, joto likapita digrii 500 za Selsiasi, na dizeli inyunyizwapo humo huwaka yenyewe. Basi hewa ina mahali pake pa halali, napo ni silindani. Ina mahali pa haramu pia, yaani njia yote ya dizeli kutoka tangini hadi kwenye nozeli. Dizeli haikubali kushindiliwa ila kidogo sana, hewa hukubali. Pampu ikisukuma dizeli tupu, msukumo wote hufika kwenye nozeli na sindano yake ikainuka. Ikisukuma dizeli yenye mapovu, mapovu ndiyo yanayobonyea, sindano haiinuki, na injini hukosa nguvu, hutetemeka, au huzima.

Ndiyo kusema kuna maradhi mawili yanayopingana. Gari lililozibwa chujio la hewa na vumbi lina upungufu wa hewa silindani. Hutoa moshi mweusi na haliwezi mlima. Gari lenye mpira uliopasuka lina hewa pasipotakiwa. Asubuhi huchelewa kuwaka, na njiani hukatakata. Mafundi wameyatenga maradhi hayo pasipo kuagizwa na mtu. La kwanza huliita "kukosa hewa". La pili huliita "kuingiza upepo", na dawa yake ni "kutoa upepo", kama wasemavyo pia katika breki. Mwalimu ameyaunganisha katika neno moja.

Tulishuhudia matokeo yake msimu mmoja wa korosho. Mkulima wa Ruangwa alikuwa na pick-up ya dizeli iliyoishiwa nguvu. Kijana aliyefundishwa kwa orodha hii aliichunguza akaona sawasawa kabisa ni nini, akaandika kwenye karatasi: "Tatizo ni hewa." Mzee akaichukua karatasi ile mpaka Nachingwea. Fundi wa pili alipoisoma akabadilisha chujio la hewa. Gari likarudi vilevile. Wa tatu akasema kwamba kama hewa imekwisha shughulikiwa, basi pampu imekufa. Ikafunguliwa, ikafungwa katika gunia tayari kwa safari ya Dar es Salaam, na mzee akaanza kuhesabu magunia ya korosho atakayoyatoa kwa ajili hiyo. Fundi mmoja mtu mzima aliyepita pale kwa shughuli zake aliomba pampu irudishwe mahali pake. Akaunga kipande cha mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, akaamuru injini iwashwe, akainama kutazama. Mapovu yalikuwa yakipita mfululizo. "Shikamoo mzee," akasema, kwa kuwa salamu ilikuwa imesahauliwa katika pilikapilika, "gari lako lina upepo tu." Ufa ulikuwa karibu na tangi. Kilichohitajika ni mpira wa urefu wa kidole na vibanio viwili.

Kijana hakukosea kazi. Aliponzwa na neno alilofundishwa.

Mtu aweza kuuliza: je, "upepo" si neno la matairi? Ndiyo, na hapo ndipo tunapouona uzuri wa lugha ya gereji. Tairi hujazwa upepo. Breki zina upepo. Njia ya dizeli imeingiza upepo. Katika hali zote tatu upepo ni hewa iliyofungwa ndani ya kitu, iwe yatakiwa ama haitakiwi. Hewa ya silindani, iingiayo na kutoka, haiitwi hivyo. Maana hii ni moja na imenyooka, nayo yafaa kuingizwa katika kamusi kama maana ya kiufundi, badala ya kusahihishwa kama upotofu.

Wala wenyeji wa huko si wageni wa injini. Mpango wa karanga wa mwaka 1947 hadi 1951 uliwaletea Nachingwea matrekta na mashine za kung'olea visiki, pamoja na reli kutoka pwani. Mpango ulivunjika, reli nayo ikafungwa mwaka 1962, na tangu hapo mazao yamekuwa yakitegemea magari. Neno "tingatinga", ambalo kwa masikio yetu laiga mlio wa mashine yenyewe, lilikubalika kote nchini bila kungoja kikao.

Tusije tukadhaniwa kwamba kila kisemwacho gerejini ni dhahabu. Yako maneno ambayo orodha ingefanya vema kuyapasua, nayo imeyaacha. "Moshi mweupe" ni mojawapo. Ukiwa na harufu kali inayowasha macho, ni dizeli isiyoungua. Ukiwa hauna harufu hiyo na maji ya rejeta yakapungua, huo si moshi bali ni mvuke, na huenda gasketi imeungua. Neno "mvuke" tunalo tangu zamani, latosha. Moshi wa buluu hauna utata, maana mafundi husema injini "inakula oili", na hatuoni kamati itakayosema vizuri zaidi. Neno "plagi" pia lahitaji kutengwa: ile ya petroli hutoa cheche, ile ya dizeli hupasha joto tu kabla ya kuwasha. Twapendekeza "plagi ya cheche" na "plagi ya joto".

Kuhusu "kinyunyizi", ambalo mwalimu ameliweka badala ya "nozeli", tunasita. Limeundwa kwa kufuata kanuni, lakini bustanini lina kazi nyingine, na hakuna duka la vipuri ambamo mtu atapewa nozeli kwa kuliomba kwa jina hilo. "Kanieneo" tunalitetea, maana lasema wazi kwamba ni kani juu ya eneo. Likae darasani, na "presha" iendelee gerejini.

Jambo la hatari tumeliweka mwisho. Orodha yafafanua "kumisi" kuwa ni silinda moja kutofanya kazi, na yaelekeza kulegeza nati za mabomba ya nozeli moja baada ya nyingine, injini ikinguruma. Silinda ambayo mlio haukubadilika ndiyo mgonjwa. Kwa injini za kizamani, kama ile ya 1HZ katika Land Cruiser nyingi, njia hiyo ni sahihi. Kwa injini za siku hizi, ambazo nozeli zake huamriwa na kompyuta na dizeli hukaa katika bomba moja la pamoja kwa presha ipitayo mara 1,000 ile ya hewa ituzungukayo, dizeli itokayo kwenye nati iliyolegezwa yaweza kupenya ngozi ya mkono. Orodha haina neno la kuzitenga injini hizo mbili. Kwa sasa twashauri "dizeli ya pampu" na "dizeli ya bomba la pamoja", na onyo liandikwe papo hapo.

Limebaki neno moja lililotushinda. Injini ya dizeli yenye turbo iliyochakaa yaweza kuvuta oili yake yenyewe, ikapandisha mwendo bila kukanyagwa, na isizimike hata ufunguo ukizungushwa, mpaka izibwe mdomo wa hewa. Mafundi tuliowauliza walilieleza tukio hilo kwa mikono. Msomaji aliyesikia likitajwa kwa jina, Nachingwea au kwingineko, atuandikie.