Anza na Sneya: Kupima Biti ya Hip Hop kwa Kazi za DJ Premier

Mtu anayetaka kujua kama biti ya hip hop imetengenezwa na fundi wa kweli asikimbilie melodia. Aanze na sneya. Ahesabu moja mpaka nne, kisha asikilize mpigo unaoangukia kwenye mbili na kwenye nne: je, unapasua, au unagonga tu? Una mwili wake, au ni ule ule ambao kila prodyuza anao kwenye kompyuta yake? Melodia tamu inaweza kumfichia mtu uzembe kwa dakika nne nzima. Sneya haimfichi mtu.

Kwa hip hop ya New York, mizani bora ya kujifunzia kazi hii ni rekodi za DJ Premier. Wapo waliomzidi mbali kwa mauzo, na wapo waliomzidi kwa wingi wa vyombo. Yeye alianza kama DJ na hakuacha kuwa DJ alipoingia studio, kwa hiyo karibu kila uamuzi wake unasikika wazi: kilichochukuliwa, kilipokatiwa, na kilichoachwa nje. Hicho cha mwisho ndicho kinachowatenganisha mafundi na wapiga vifaa.

Premier, kwa jina halisi Christopher Edward Martin, alizaliwa Houston, Texas, tarehe 21 Machi 1966, akakulia Prairie View, mji mdogo wa chuo kikuu katika jimbo hilo hilo. Alisomea kompyuta pale pale Prairie View A&M, akafanya kazi kwenye duka la santuri, na jina lake la kwanza mbele ya mashine za santuri lilikuwa Waxmaster C. Demo yake ilifika Wild Pitch, kampuni ya New York ambako rapa Guru, yaani Keith Elam wa Boston, alikuwa anatafuta mtu wa kuendelea naye katika kundi la Gang Starr. Albamu yao ya kwanza pamoja, No More Mr. Nice Guy, ilitoka 1989. Mwaka uliofuata Spike Lee aliuweka wimbo wao Jazz Thing kwenye filamu yake Mo' Better Blues. Zikaja Step in the Arena, kisha Daily Operation mwaka 1992, Hard to Earn mwaka 1994 na Moment of Truth mwaka 1998.

Albamu hizo zikisikilizwa kwa mfuatano zinaonyesha sikio likikomaa. Mwaka 1989, kwenye Words I Manifest, kipande cha A Night in Tunisia kinatambulika papo hapo kwa yeyote anayeijua jazz. Raha yake iko kwenye kukitambua. Miaka mitano baadaye, Mass Appeal inajengwa juu ya noti chache kutoka rekodi ya mpiga gitaa Vic Juris, zinazorudi na kurudi bila kuchosha, na mtu anaweza kuupenda wimbo huo miaka kumi bila kujua zilikotoka. Hapa ndipo kipimo cha pili kinapoanzia. Lupu mbaya humchosha msikilizaji mara ya nane inaporudi. Lupu nzuri hukatiwa mahali ambapo sikio linaisubiri irudi: noti ya mwisho inabaki inaning'inia, na ya kwanza inakuja kuitua.

Mkato huo una historia, na sehemu yake ni ya mahakamani. Desemba 1991, mahakama ya shirikisho huko New York ilimpata rapa Biz Markie na makosa ya kutumia wimbo wa Gilbert O'Sullivan bila ruhusa. Tangu hapo kila kipande ambacho asili yake ilitambulika kikawa na bei. Wengi walikimbilia kupiga vyombo upya. Wengine walianza kukata vipande vidogo zaidi, kuvipanga upya kwa vidole, na kuunda sentensi ambayo mwanamuziki wa mwanzo hakuwahi kuipiga. Premier ni bingwa wa njia hii ya pili, na msikilizaji makini anapaswa kujua kuitofautisha na kunakili. Swali la kujiuliza ni moja: je, wazo la muziki ni la yule aliyepiga piano mwaka 1978, au ni la aliyeikata?

Mashine nazo zilikuwa na lao. Sampla ya SP-1200 ya kampuni ya E-mu, mashine ya kunasa na kukata vipande vya sauti iliyotoka 1987 na kuenea katika studio za New York, ilibeba sekunde 10 tu za sauti kwa jumla. Maprodyuza walikuwa wakiizungusha santuri ya kasi ya 33 kwa kasi ya 45 ili sauti iingie ikiwa fupi, kisha wanaishusha ndani ya mashine. Ukungu unaosikika kwenye biti za wakati ule umetokana na ubanaji huo. Premier mwenyewe alishikamana zaidi na Akai MPC60 na sampla ya S950, ambayo ina kichujio kinachoweza kuondoa sauti za juu na kubakiza besi iliyokuwa imelala chini ya rekodi. Leo kompyuta ya bei ya kawaida ina nafasi isiyo na mwisho, na programu zinazouza ukungu huo kama kitu cha kubandika juu ni nyingi. Anayepima asikilize kama ukungu umekaa ndani ya sauti yenyewe au umemwagwa juu ya biti nzima kwa usawa. Ukiwa wa kubandika, dramu, piano na besi vyote huwa vichafu kwa kiwango kimoja; kwenye rekodi za studio ya D&D kila kitu kina vumbi lake.

D&D Studios, mtaa wa West 37th, Manhattan, ndiko sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikofanyika, mara nyingi fundi mitambo akiwa Eddie Sancho. Premier aliinunua studio hiyo mwaka 2003 na kuipa jina HeadQCourterz kwa kumbukumbu ya rafiki yake aliyeuawa. Jina la fundi mitambo lisipitwe kwenye jalada la albamu. Sneya ya Premier inapasua kwa sababu ya uchaguzi wake, lakini pia kwa sababu kuna aliyejua namna ya kuiacha ikae mbele bila kuizamisha sauti ya rapa.

Sasa wimbo mmoja kwa karibu. N.Y. State of Mind, kutoka Illmatic ya rapa Nas, albamu iliyotoka Aprili 1994. Dramu zimetoka kwa Kool & the Gang, kwenye N.T. Piano nzito ya chini imetoka kwenye Mind Rain ya Joe Chambers, na ule mlio wa juu unaolia kama onyo umechukuliwa kwenye Flight Time ya Donald Byrd. Vitu vitatu, basi. Piano inatembea chini, karibu na besi, kwa hiyo eneo la katikati, pale hasa sauti ya mtu inapokaa, limeachwa wazi. Nas hapandi juu ya biti wala hashindani nayo. Anaingia kwenye nafasi iliyotengwa kwa ajili yake. Premier amesimulia kwamba ubeti wa kwanza ulirekodiwa kwa mkupuo mmoja. Haishangazi. Biti yenye nafasi humpa rapa ujasiri wa kuchana bila kusimama.

Kipimo hiki cha nafasi kinafaa kufanyiwa majaribio. Santuri nyingi za wimbo mmoja za miaka ya 1990 zilikuwa na toleo lisilo na sauti ya rapa. Lipigwe hilo peke yake. Kama linajitosheleza kabisa, kama halimwachii msikilizaji hamu ya sauti ya mtu, huenda ni muziki mzuri lakini ni biti iliyojaa kupita kiasi. Come Clean ya Jeru the Damaja, ya 1993, ni mfano wa upande wa pili: mlio wa ajabu kama tone la maji linaloangukia kwenye chombo cha chuma, uliotoka kwenye rekodi ya mpiga dramu wa jazz Shelly Manne, na chini yake dramu. Melodia ya kuimba bafuni haipo. Bila Jeru inasikika kama kitu kinachosubiri. Jeru akiingia, kila tone linakuwa koma na nukta ya mistari yake.

Livin' Proof, albamu ya kundi la Group Home ya 1995, inafundisha jambo lile lile kwa uchungu. Lil' Dap na Melachi walikabidhiwa baadhi ya biti bora za maisha ya Premier, na wachambuzi wamelalamika tangu siku hizo kwamba mashairi hayakuzifikia. Malalamiko hayo ni ya haki kwa nusu tu. Kwenye Supa Star, uzito wa Lil' Dap, ile sauti ya mtu aliyechoka kuelezea, unakaa vizuri juu ya biti ile kuliko ambavyo rapa mwenye maneno mengi angekaa. Anayepima biti asipime wasifu wa rapa. Apime kama wawili hao wanaongea lugha moja.

Kisha kuna kiitikio, na hapa U-DJ wa Premier unakuwa saini. Badala ya kumwita mwimbaji, anachukua vipande vya sauti kutoka santuri mbalimbali, anavikwaruza kwa mkono, na kuvipanga mpaka vinatoa sentensi mpya. Kiitikio cha N.Y. State of Mind ni sauti ya rapa Rakim. Cha Mathematics ya Mos Def, wimbo wa 1999, kimeshonwa kwa marapa na waimbaji kadhaa wanaojibizana bila kuwahi kukutana kwa ajili ya wimbo huo. Kuna mambo matatu ya kusikiliza. Maana iungane: kipande cha pili kijibu cha kwanza. Mdundo usipinde: silabi ziangukie kwenye dramu kana kwamba zilirekodiwa hapo. Na mkono usikike: mkwaruzo mzuri una mwanzo, katikati na mwisho, kama vile mpiga ngoma anavyomaliza kifungu chake, wala haujazi pengo kwa kelele.

Swali la ridhaa nalo lina nafasi yake kwenye mizani. Katika Ten Crack Commandments ya The Notorious B.I.G., wimbo wa 1997 kuhusu kuuza dawa za kulevya, sauti inayohesabu ni ya Chuck D wa Public Enemy, mtu aliyepiga vita dawa za kulevya katika kazi yake yote. Kiufundi hesabu ile imekaa barabara. Ndiyo nguzo ya wimbo. Chuck D alifungua kesi, na ni vigumu kumlaumu. Ustadi wa kukata sauti ya mtu hauondoi ukweli kwamba ni sauti ya mtu, na msikilizaji anayejali ufundi ana kila sababu ya kuusifu mkono na kuutilia shaka uamuzi.

Prodyuza mkubwa hujulikana pia kwa kazi anayokubali kuirudia. Akiwa kwenye Illmatic, Premier alisikia The World Is Yours ambayo prodyuza Pete Rock alikuwa ametengeneza, akaona biti yake ya Represent haitoshi, akairudia. Matokeo yanasikika: kinanda cha zamani cha filamu bubu kimegeuzwa kuwa kitu cha kutisha.

Lawama nazo zipo. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, baadhi ya kazi zake zinatabirika: utangulizi, dramu ngumu, vipande vinne vya sampuli, mkwaruzo, na kurudi mwanzo. Anayempenda kwa dhati asizifumbie macho hizo, kwa sababu zinafundisha tofauti kati ya mtindo na mazoea. Mtindo hupinda ukikutana na mtu mpya. Ulipinda alipokutana na D'Angelo kwenye Devil's Pie, biti ambayo rapa Canibus alikuwa ameikataa na ambayo mikononi mwa mwimbaji wa soul ikawa nzito na yenye kiza. Ulipinda tena mwaka 2006, alipotengeneza Ain't No Other Man na Christina Aguilera: kasi kubwa, tarumbeta zinazolipuka, na bado sneya ni ile ile. Wimbo huo ulimpatia Aguilera tuzo ya Grammy mwaka uliofuata.

Mtihani mgumu kuliko yote ulikuja baada ya Guru kufariki, tarehe 19 Aprili 2010. Kwa miaka Premier alitafuta njia ya kupata beti zake ambazo hazikuwahi kutoka, akazipata, na mwaka 2019 akatoa One of the Best Yet. Kwa kawaida rapa huisikiliza biti na kuifuata. Safari hii sauti ilikuwa tayari, na aliyeirekodi hakuweza kuombwa arudie hata neno moja. Biti ndiyo iliyolazimika kufuata pumzi zake, mahali alipochelewa na mahali alipowahi. Anayetaka kupima kama kazi hiyo imefanyika vizuri asikilize Family and Loyalty, wimbo uliomshirikisha rapa J. Cole, aziache dramu kando na kuangalia mwisho wa kila mstari wa Guru: kama sneya inakuja pale anapomaliza neno, au pale mashine ilipoamua. Kisha aweke Hard to Earn, ambamo wote wawili walikuwa studio moja, na arudie zoezi hilo hilo. Tofauti ipo, ni ndogo, na sehemu chache inaposikika ni zile ambazo Guru wa 1994 angesema wasimamishe mashine warudie.